Kubadilisha jina la famwea bila kuua vifaa vilivyo juu ya paa

Barua ilikuja Jumatatu asubuhi, ya heshima lakini yenye meno: kampuni moja inayouza mita ilikuwa imesajili jina linalofanana na letu, na ilitutaka tuliache. Mradi wetu wakati huo uliitwa Tangi. Ni famwea huria, yaani programu inayoishi ndani ya kifaa, ya bodi za ESP32 (kompyuta ndogo zenye Wi-Fi) zinazokaa juu ya mapaa ya ploti za Umoja, Kayole na Pipeline hapa Nairobi, zikipima maji yaliyobaki ili keateka ajue mapema kama yatafika siku ya mgao. Hatukuwa na hamu ya mahakama. Tulichagua jina Birika, nikaandika mstari mmoja wa `sed`, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili, na kabla ya saa sita mchana msimbo mzima ulikuwa Birika. Ulijengeka bila onyo hata moja. Jioni tukaupakia kwa waya kwenye vifaa 11 vya majaribio.

Kesho yake keateka wa ploti moja ya Pipeline akanipigia. "Kijana wangu, mashine yako inasema tangi lina maji hasi lita 400. Hayo ndiyo maji gani?"

"Pole mzee, nakuja."

Nikapanda ngazi hadi orofa ya saba na laptopu mgongoni. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Kilichopotea ni kimo cha tangi, ambacho famwea mpya ilikitafuta chini ya jina jipya ikakikosa. Ukitoa umbali wa maji kutoka kwenye sifuri, unapata hasi.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo tuliyoifuata mara ya pili. Mifano ni ya ESP-IDF (zana rasmi za kujengea famwea za ESP32) na Linux. Aliye na Mac asakinishe `gsed`, kwa sababu `sed` ya Mac haiielewi `\b` na hudai alama tupu baada ya `-i`.

Jina jipya liwe lako kwanza

Hatua hii ni fupi lakini ikikosewa utarudia kazi yote. Tafuta jina kwenye rekodi za KIPI, wanaosajili alama za biashara Kenya, ambao ofisi zao ziko Popo Road, South C. Programu na vifaa vya elektroniki viko kundi la 9. Kisha litafute ndani ya msimbo wako mwenyewe:

```
git grep -Iin birika
```

Amri hii isirudishe kitu. Kama neno jipya tayari limo, hata ndani ya maelezo tu, badilisha hayo kwanza. Ukiyachanganya maji mawili kwenye ndoo moja hutaweza kuyatenganisha tena, yaani hutaweza kurudi nyuma kwa `sed` ya kinyume.

(Tahadhari ya pembeni: jaribu jina kwa watu. Pwani birika ni hata lile la maji msikitini. Nairobi, kila niliyemwambia aliuliza chai iko wapi. Tuliamua kuishi na hilo.)

Orodhesha maumbo yote

Usibadilishe kitu ambacho hujakihesabu. Amri hii hutoa kila neno lenye jina la zamani ndani yake, pamoja na idadi:

```
git grep -Iohi '[[:alnum:]_-]*tangi[[:alnum:]_-]*' -- . ':!wengine' |
  sort | uniq -c | sort -rn
git ls-files | grep -i tangi
```

`-I` huruka faili za jozi kama picha na fonti. Folda ya `wengine` ni ya maktaba tulizochukua kwa watu. Hiyo haiguswi kamwe. Na ni kwa makusudi natumia `git grep`, si `find`. Kijana mmoja tuliyefanya naye kazi aliwahi kuendesha `find . -type f -exec sed -i` akapitia mpaka ndani ya folda ya `.git`, na historia yote ya mradi ikageuka uji.

Orodha yetu ilikuwa somo. Mlikuwa na `TANGI_PIN`, `CONFIG_TANGI_PIN`, `tangi_anza`, `TangiMqtt`, hayo yalitarajiwa. Lakini pia mlikuwa na `tangible` kutoka kwenye maelezo ya Kiingereza, `tangia` kwenye maelezo ya Kiswahili ("kihisi hiki hakijasomwa tangia kiwashwe"), na `matangi`. Mbaya zaidi, mlikuwa na `kimo_cha_tangi`, ambayo haihusiani na jina la mradi hata kidogo. Hilo ni tangi lenyewe, la plastiki, lililo juu ya paa. Ukiupa mradi jina la kitu unachokipima, siku ya kulibadilisha utajuta.

Kaeni na orodha hiyo, mwandike kanuni. Yetu ilikuwa hivi: `tangi_` mwanzoni mwa neno ni mradi, `tangi` mahali pengine popote ni tangi la maji. Ilishika isipokuwa mahali pachache, na hapo tulihariri kwa mkono.

Nani analisoma jina hili?

Hapa ndipo mara ya kwanza tuliporuka. Jina la famwea lina wasomaji wa aina tatu. Yupo binadamu, anayelisoma kwenye maelezo na kwenye skrini. Ipo kompaila, inayolisoma kwenye majina ya faili, fomula (function) na makro. Na kipo kifaa ambacho tayari kiko kazini, kinacholisoma kwenye flashi yake, kwenye mtandao, na ndani ya sasisho unalokipelekea. Wawili wa kwanza hawana shida. Ukikosea, binadamu atakuuliza na kompaila mara nyingi itakataa. Kifaa hakiulizi wala hakikatai: hufungua droo yenye jina jipya, hukuta haina kitu, na huendelea na kazi kama kilichozaliwa leo.

Mfano mkubwa ni coreboot, famwea huria ya kuwashia kompyuta. Mradi huo ulianza ukiitwa LinuxBIOS, ukabadilishwa jina mwaka 2008. Mpaka leo, jedwali ambalo coreboot huiachia programu inayofuata katika kuwasha kompyuta huanza kwa herufi nne: LBIO. Programu nyingine zinalitafuta jedwali kwa alama hiyo, kwa hiyo imebaki. Nikikutana na mtu anayeona aibu kuacha jina la zamani ndani ya msimbo, humwonyesha herufi hizo nne.

Faili kwanza, maandishi baadaye

Git haihifadhi habari kwamba faili imehamishwa. Hukisia kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida hutaka yafanane angalau asilimia 50. Faili kubwa itavuka hata ukihamisha na kuhariri kwa pamoja. Kijifaili cha `.h` chenye mistari kumi iliyojaa jina la mradi hakitavuka, na historia yake itakatika. Kwa hiyo tumia komiti mbili. Ya kwanza haitajengeka, na siku ya `git bisect` (kusaka komiti iliyoleta hitilafu) utairuka. Ni bei ndogo.

Weka yote kwenye skripti, usiandike kwenye terminali moja kwa moja. Sababu itaonekana mbele.

```
# zana/badilisha-jina.sh
git ls-files | grep -v '^wengine/' | grep tangi |
while read -r f; do
  n=$(echo "$f" | sed 's/tangi/birika/g')
  mkdir -p "$(dirname "$n")"
  git mv "$f" "$n"
done
git commit -m "Jina: hamisha faili tu"

git grep -lIzi tangi -- . ':!wengine' ':!LICENSE' \
    ':!MABADILIKO.md' ':!zana/badilisha-jina.sh' |
xargs -0 sed -i \
  -e 's/CONFIG_TANGI_/CONFIG_BIRIKA_/g' \
  -e 's/\bTANGI_/BIRIKA_/g' \
  -e 's/\btangi_/birika_/g' \
  -e 's/\bTangi\([A-Z]\)/Birika\1/g' \
  -e 's/"tangi\.h"/"birika.h"/g'
git commit -am "Jina: maandishi, kwa skripti tu"
```

Mstari wa `CONFIG_` una sababu yake. Kwa `sed`, alama ya `_` ni sehemu ya neno, kwa hiyo `\bTANGI_` haiioni `CONFIG_TANGI_PIN`. Ukiisahau, Kconfig (mfumo wa mipangilio ya ujenzi) itazalisha jina jipya huku msimbo ukiuliza la zamani, na kama umetumia `#ifdef`, kompaila haitasema neno. Mstari wa `Tangi\([A-Z]\)` nao hubadilisha `TangiMqtt` lakini huacha ujumbe kama "Tangi limejaa", ambao ni sahihi ulivyo.

Skripti inajiruka yenyewe. Mara ya kwanza haikujiruka, ikageuka skripti ya kubadilisha birika kuwa birika.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Kconfig: watu waliojenga famwea yako wana faili zao za `sdkconfig` zenye majina ya zamani, na mipangilio hiyo itatupwa kimyakimya na kurudi ya kawaida. ESP-IDF ina dawa. Weka faili iitwayo `sdkconfig.rename` kando ya Kconfig yako, kila mstari ukiwa na jina la zamani na jipya:

```
CONFIG_TANGI_PIN    CONFIG_BIRIKA_PIN
```

Soma maneno yaliyomo ndani ya famwea

Hatua hii ndiyo iliyotuokoa. Kabla ya kuendesha skripti, jenga famwea na utoe maneno yote yanayosomeka. Rudia baada ya skripti, kisha linganisha:

```
strings build/tangi.bin | sort > /tmp/kabla.txt
# endesha skripti, jenga upya
strings build/tangi.bin | sort > /tmp/baada.txt
diff /tmp/kabla.txt /tmp/baada.txt
```

Jina la faili la `.bin` bado ni la zamani kwa sababu `project(tangi)` kwenye CMakeLists haijaguswa, tutaifikia. Usitarajie faili mbili zilingane baiti kwa baiti. ESP-IDF huweka ndani ya famwea hashi ya baiti 32 ya faili ya ELF (inayotoka kwenye ujenzi kabla ya `.bin`), na majina ya fomula yakibadilika, hiyo nayo hubadilika.

Kila mstari unaotokea kwenye `diff` hiyo umeingia kwenye bidhaa. Mingi ni njia za faili zilizobebwa na `assert`, ipite. Lakini tuliona huu:

```
< tangi_mita_mgao
> birika_mita_mgao
```

Hicho ni kitufe cha NVS, sehemu ya flashi ambamo kifaa huhifadhi mipangilio. `sed` haikukosea, kwa kuwa kilianza na `tangi_` kama tulivyoiagiza. Sasa hesabu herufi: cha zamani kina 15, kipya kina 16. Kikomo cha NVS kwa kitufe ni 15, na jina la droo yenyewe (namespace, kundi linaloshika vitufe) ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mbali na kupoteza data, kila jaribio la kuandika lingerudisha `ESP_ERR_NVS_KEY_TOO_LONG`. Jina jipya likiwa refu kuliko la zamani, chunguza kila mahali penye nafasi isiyopanuka. Jina la mradi ndani ya maelezo ya famwea ya ESP-IDF lina baiti 32 pamoja na sifuri ya mwisho. Jina la Wi-Fi lina baiti 32. Wanaotengeneza famwea za ruta wakumbuke kwamba kichwa cha uImage nacho kina baiti 32 tu za jina.

Vilivyo kwenye flashi viache

Maoni yangu, na nimeyalipia kwa ngazi za orofa saba: usihamishe majina ya NVS. Hakuna mpangaji atakayefungua flashi asome droo inaitwaje. Kusanya majina yote ya aina hiyo kwenye faili moja na uandike sababu:

```
/* Jina la zamani kwa makusudi.
   Vifaa vilivyo paani vinalisoma. Usibadilishe. */
#define HIFADHI_DROO   "tangi"
#define HIFADHI_MGAO   "tangi_mita_mgao"
```

Ukilazimika kuhamisha, basi nakili, usifute. Sasisho likishindwa na kifaa kikarudi kwenye famwea ya zamani, hiyo ya zamani itahitaji kukuta vitu vyake. Na alama ya kusema "nimeshahamia" iandikwe mwisho kabisa, baada ya thamani zote. Stima hupotea wakati wowote. Ikipotea katikati, kifaa kikiwaka kitaanza kunakili upya badala ya kuamini nusu ya kazi.

Toleo la daraja

Vifaa vyetu hujisasisha kwa Wi-Fi. Kabla ya kukubali famwea mpya, hukagua jina la mradi lililo ndani yake, na kama si `tangi`, huikataa. Tuliandika ukaguzi huo kwa busara, ili mtu asipakie famwea ya kifaa kingine kwa bahati mbaya. Matokeo yake ni kwamba siku utakayobadilisha `project(tangi)` kuwa `project(birika)`, hakuna kifaa kitakachokubali.

Suluhisho ni kutoa toleo moja la katikati. Kwa nje bado linaitwa `tangi`, kwa hiyo vifaa vya zamani vitalikubali. Ndani lina mabadiliko mawili tu: linakubali majina yote mawili, na linatafuta masasisho kwenye anwani mpya. Toleo linalofuata ndilo litakaloitwa `birika`.

Sasa sehemu ambayo watu huisahau. Kuna kifaa kilichozimwa kwa sababu mwenye ploti anajenga orofa nyingine, na kitawashwa mwaka ujao. Kitaamka kikiuliza anwani ya zamani. Kwa hiyo anwani ya zamani iendelee kutoa daraja, na daraja pekee, siku zote. Usiweke toleo jipya pale. Gharama yake ni faili moja kwenye seva na ada ya jina la tovuti kila mwaka.

Jaribu safari nzima kwenye bodi halisi. Bodi za ESP32 hupatikana Luthuli Avenue bila shida. Nunua moja, weka toleo lako la zamani zaidi ambalo bado liko kazini, jaza mipangilio ya uongo, kisha liache lijisasishe hadi mwisho. Chomoa waya katikati angalau mara moja.

Yanayoonekana na watu

Kama ulibadilisha jina kwa sababu ya barua kama yetu, haya hayana hiari: jina la Wi-Fi la kuanzishia kifaa, ukurasa wake wa mipangilio, anwani ya `tangi.local`, jina kwenye kibandiko. Badilisha yote. Kwa `tangi.local`, fanya kifaa kiitikie majina yote mawili kwa matoleo machache, kwa kuwa makeateka wengine wameihifadhi kwenye simu.

MQTT, njia ambayo vifaa hutuma vipimo kwa seva, ni ngumu kidogo kwa sababu anayesikiliza upande wa pili huenda humjui. Tulituma kila kipimo mara mbili, `tangi/...` na `birika/...`, huku tukiwatangazia watu siku ya mwisho. Ujumbe uliobakizwa kwenye seva kwa alama ya retain utaendelea kuonyeshwa hata kifaa kikinyamaza. Siku ukizima njia ya zamani, tuma ujumbe mtupu wenye alama hiyo ili kuufuta. La sivyo mtu ataangalia skrini wiki nzima akiona tangi limejaa.

Ukibadilisha jina la hazina kwenye GitHub, viungo vya zamani vitaelekezwa kwenye jina jipya vyenyewe. Usiunde hazina nyingine kwa jina la zamani, maana uelekezaji huo utakatika hapo hapo.

Leseni na historia

Mistari ya hakimiliki haibadilishwi. Iliyosema "Wachangiaji wa Tangi" inabaki hivyo, na chini yake unaongeza wako mpya. Maelezo ya matoleo ya zamani nayo yaachwe, kwa kuwa toleo 1.4 lilitoka likiitwa Tangi na hakuna `sed` inayoweza kubadilisha hilo. Ndiyo maana skripti inaruka `LICENSE` na `MABADILIKO.md`.

Ili `git blame` isimtaje aliyeendesha skripti kwenye kila mstari, andika nambari ndefu za zile komiti mbili kwenye faili ya `.git-blame-ignore-revs`, kisha:

```
git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs
```

Inahitaji Git 2.23 au mpya zaidi, yaani kuanzia 2019.

Wenzako wenye matawi ambayo hayajaunganishwa

Hii ndiyo sababu ya kuweka kila kitu kwenye skripti. Weka lebo mbili, `kabla-ya-jina` na `baada-ya-jina`. Ya pili iwekwe mara tu skripti inapomaliza, kabla hujahariri chochote kwa mkono. Mwenye tawi atafanya hivi:

```
git merge kabla-ya-jina
bash zana/badilisha-jina.sh
git merge -s ours baada-ya-jina
git merge main
```

`-s ours` humwambia Git kwamba mabadiliko ya jina tayari yamo, asiyalinganishe tena. Kama lebo ya pili ingebeba marekebisho yako ya mkono, hapo yangepotea bila kelele, ndiyo maana nasisitiza mahali pa kuiweka. Skripti yenyewe lazima iwe imeingia kwenye hazina kabla ya lebo ya kwanza, la sivyo mwenzako hatakuwa na cha kuendesha.

Jina la zamani lisirudi

Litarudi. Mtu atanakili mfano kutoka kwenye toleo la zamani, au tawi lililosahaulika litaunganishwa usiku. Weka ukaguzi huu kwenye mfumo unaojenga famwea kila badiliko linapotumwa:

```
if git grep -nIE '(^|[^[:alnum:]_])(tangi|TANGI)_|CONFIG_TANGI_' \
    -- . ':!wengine' ':!LICENSE' ':!MABADILIKO.md' \
       ':!zana' ':!*sdkconfig.rename' ':!main/hifadhi_majina.h'
then
  echo "Jina la zamani limerudi."; exit 1
fi
```

`main/hifadhi_majina.h` ndiyo ile faili yenye majina ya droo za NVS. Ukaguzi hautafuti neno `tangi` tupu, kwa hiyo `kimo_cha_tangi` inapita, na yule mzee wa Pipeline bado husoma "Tangi limejaa" kwenye simu yake.